Dola ya Senti 53 na Mtoto wa Matambara: Maswali Yenu Kuhusu Katuni za Pesa Marekani

Toleo lililopita tulichapisha katuni ya William Jennings Bryan, mgombea urais wa Democrat mwaka 1896, akiwa na msalaba wa dhahabu, mfano aliotumia katika hotuba yake ya kupinga dola itegemee dhahabu peke yake. Barua zilizofuata ni nyingi, tumechagua hizi.

SWALI: Mwalimu wetu ametafsiri kaulimbiu ya Bryan, "free silver", kuwa "fedha ya bure". Nani angeigawa hiyo fedha bure? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tanga)

JIBU: Hakuna aliyeahidi kugawa kitu. Kilichodaiwa ni kwamba yeyote mwenye madini ya fedha ayapeleke kwenye kiwanda cha serikali cha sarafu, arudishiwe dola, hata awe na shehena nzima. Andikeni "utengenezaji wa sarafu za fedha usio na kikomo". Ni ndefu, lakini haidanganyi. Kiswahili nacho kinatutega, maana kwetu fedha ni madini na fedha hiyo hiyo ni pesa. Mkulima wa Kansas angeufurahia sana utata huo.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mizani. Dola ya fedha ilikuwa na gramu 24.06 za fedha safi, na dola ya dhahabu gramu 1.505. Gawanyeni, mtapata karibu 16. Ndiyo ile "16 kwa 1" inayoandikwa kwenye kofia, mabango na magurudumu katika katuni za mwaka ule. Sheria ya 1873 iliiondoa dola ya fedha kwenye orodha ya sarafu, na waliotaka irudi wakaiita sheria hiyo "jinai ya 1873". Kufikia 1896 sokoni ilihitajika fedha takriban mara 30 ya uzito wa dhahabu, kwa hiyo madini yaliyomo ndani ya dola ya fedha yalikuwa na thamani ya senti 53 hivi. Wachoraji wa upande wa dhahabu, yaani waliotaka dola itegemee dhahabu peke yake, walishikilia tarakimu hiyo kama kupe. Gorham, kampuni ya vyombo vya fedha, hata ilitengeneza visahani vya fedha vizito karibu mara mbili ya dola ya kawaida, kuonyesha sarafu ingepaswa kuwa kubwa kiasi gani ili madini yake yatoshe dola moja ya dhahabu.

Katuni hizo zinaficha jambo moja. Dola za fedha zilizokuwa zikitengenezwa tangu 1878 zilipokelewa madukani kwa senti 100 kamili, kwa sababu serikali ilidhibiti idadi yake. Hofu ilikuwa juu ya siku ambayo kizuizi hicho kingeondolewa. Mkulima naye alikuwa na hesabu yake: tuseme alikopa dola 1,000 ngano ikiwa dola 1 kwa kipimo, kisha bei ikashuka hadi senti 50. Deni ni lile lile, ila sasa anahitaji vipimo 2,000 kulilipa badala ya 1,000. Alitaka pesa ziwe nyingi ili bei ipande.

SWALI: Katika michoro ya mchora katuni Thomas Nast ya miaka ya 1870 kuna mtoto wa matambara. Ni wa nani? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Si mtoto wa mtu, ni mwanasesere, na maana yake ni noti. Karatasi nzuri wakati ule ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, ndiyo maana noti zilibezwa kuwa "pesa za matambara". Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe serikali ilianza, mwaka 1862, kutoa noti zisizoweza kubadilishwa kwa dhahabu, na idhini ikafikia dola milioni 450. Julai 1864 noti ya dola moja ilishuka hadi senti 35 hivi za dhahabu. Sheria ya 1875 iliamuru noti zianze kulipwa kwa dhahabu tarehe 1 Januari 1879. Walioipinga walianzisha chama chao, na 1876 wakamsimamisha Peter Cooper kugombea urais.

Mchoro maarufu kuliko yote ni wa mwaka huo wa 1876. Mwanasesere anapewa kikaratasi kilichoandikwa kwamba hayo ni maziwa. Pembeni kuna vibandiko: hiki ni ng'ombe kwa tendo la mchoraji, hii ni pesa kwa sheria ya Bunge. Picha hiyo ikikatwa na vibandiko vikapotea, kama vitabu vingi vinavyofanya, hoja yote inapotea nayo. Tena msiuchukulie kama ushahidi: Nast alikuwa mtu wa Republican na wa dhahabu, na noti alizozikebehi ndizo zilizosaidia kugharimia vita.

SWALI: Nimekuza picha moja ya Nast nikaona mistari myembamba myeupe inayoikata. Ni kasoro ya skana? (Mbunifu wa vitabu, Dar es Salaam)

JIBU: Usiifute. Picha za jarida la Harper's Weekly zilichongwa kwenye mbao ngumu ya mti mdogo usiotoa ubao mpana, hivyo vipande vilifungwa pamoja kwa boliti, vikatenganishwa ili wachongaji kadhaa wafanye kazi kwa pamoja, kisha vikaunganishwa tena. Pale vilipoachana kidogo, wino haukushika. Mstari huo ni dalili nzuri kwamba unaangalia chapa ya ubao. Katuni za enzi za Rais Andrew Jackson, miaka ya 1830, ni chapa za jiwe, zina punje punje kama za chaki.

SWALI: Joka la vichwa vingi analopigana nalo Andrew Jackson ni nini?

JIBU: Benki ya Marekani. Katuni ni ya 1836, ilitolewa na Henry R. Robinson. Fimbo ya Jackson imeandikwa "Veto", yaani kura yake ya turufu ya 1832 dhidi ya kuiongezea benki hiyo kibali. Kichwa kikubwa ni cha Nicholas Biddle, rais wa benki, na kofia yake ina jina la Pennsylvania na dola 35,000,000, kwa kuwa jimbo hilo lilikuwa limeipa benki kibali kipya.

SWALI: Nitajuaje katuni ya 1896 iko upande gani?

JIBU: Anza na jarida na tarehe. Judge lilikuwa la Republican. Toleo lake la 19 Septemba 1896 ndilo lililobeba mchoro wa Grant Hamilton wa Bryan, msalaba na Biblia iliyokanyagwa. Puck linawapoteza wengi: lilizoea kuwaunga mkono Democrat, lakini mwaka ule lilimkataa Bryan. Kisha tazama nani mnene. Bwana mwenye suti iliyojaa alama za dola ni Mark Hanna, meneja wa kampeni ya William McKinley, mgombea wa Republican aliyeshindana na Bryan, kazi ya Homer Davenport kwa gazeti lililomuunga mkono Bryan. Ng'ombe anayekula magharibi na kukamuliwa mashariki ni wa upande wa Bryan, waliotaka dola ya madini ya fedha. Pweza wa dhahabu pia ni wao. Chunguza vizuri kama ameandikwa jina la Rothschild, maana hapo hoja ya benki imeshageuka chuki dhidi ya Wayahudi, na mwanafunzi aelezwe hivyo waziwazi.

SWALI: Haya yaligusa pwani yetu? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Yaligusa, kupitia rupia. Juni 1893 India iliacha kumtengenezea sarafu kila aliyeleta madini ya fedha, na kufikia 1899 rupia ilisimama kwenye 15 kwa pauni. Kwa hiyo wakati Wamarekani wanaicheka dola ya senti 53, rupia iliyokuwa ikipita Zanzibar nayo ilikuwa na thamani kubwa kuliko madini ya fedha yaliyomo ndani yake, na ilipokelewa kwa sababu idadi yake ilizuiwa. Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye asili ya Austria, haikuwa na kinga hiyo. Iliendelea kushuka pamoja na bei ya fedha.