Cheti kiko kwenye jalada, mwenyewe yuko getini

Wiki iliyopita vijana wangu watatu, Maafisa Utumishi daraja la II, wino wa barua zao za kuthibitishwa haujakauka, waliniletea mpango wa mafunzo wa mwaka ujao wa fedha. Ukurasa wa pili nikakutana na jina la mama wa masijala aliyestaafu mwaka jana kwa lazima, miaka 60, kiinua mgongo keshapokea. Amepangiwa kozi ya utunzaji kumbukumbu. Nikajua wamechukua mpango wa zamani wakabadilisha mwaka pale juu.

Sikugomba. Nigombe na nani, wakati jalada hilo niliwaachia mimi, nami nililirithi hivyohivyo? Basi wadogo zangu, kaeni.

1. Anzeni na kazi. Ukimuuliza mkuu wa idara watu wake wanahitaji mafunzo gani, atakutajia kozi iliyoko Arusha. Muulize kazi gani imekwama mezani kwake tangu Julai, na nani angeikwamua kama angejua nini. Tathmini ya mahitaji ya mafunzo ndiyo hiyo. Lile dodoso lenu la kurasa nane linajazwa na makatibu muhtasi, kwa niaba ya idara nzima, baada ya chakula cha mchana.

2. Msiziamini alama. Nyinyi mmeikuta PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi, hamjui tulikotoka. OPRAS, fomu za kupima utendaji zilizotangulia, ilianza 2004, alama 1 ilikuwa ya juu kabisa na 5 ya chini. Kila Juni ofisi nzima ilikuwa na 1 na 2. Dereva wetu mmoja tu alijipa 5 kila kipengele, akidhani ndiyo bora zaidi. Msimamizi wake akasaini, nami nikapokea fomu nikaifungia jaladani bila kushtuka. Sasa mambo ni ya mtandaoni, nanyi nawaona usiku wa mwisho mnawaingizia wenzenu kazi kwa nywila zao. Acheni. Mkifanya hivyo hamtajua kamwe nani anaweza nini.

3. Hapa ninakiri.

Miaka kadhaa nyuma, nikiwa halmashauri nyingine, tulikuwa na fundi sanifu upimaji ardhi, kijana mkimya. Aliomba kozi fupi ya GIS, ramani za kompyuta. Dokezo lake la kuomba kibali nililiandika mimi, nikalifuatilia meza kwa meza hadi kwa Mkurugenzi, nauli na posho ya kujikimu zikatoka. Nilijiona baba wa watumishi. Akaenda, akarudi na cheti. Nikagonga muhuri kwenye nakala, nikaifunga jaladani mwake kama folio 47, karatasi ya 47. Kwenye taarifa ya robo mwaka nikaandika: mtumishi 1 amejengewa uwezo.

Mapato yakashuka. Likaja agizo kila idara itoe watu wakakusanye ushuru. Mkuu wake wa idara akamtoa yeye kwa kuwa hakuwa na kazi mezani. Na hakuwa na kazi kwa kuwa kompyuta yenye programu ya ramani ilikuwa ofisini kwa mkuu huyohuyo, ikiandikia barua. Barua ya kumpeleka geti la ushuru wa mazao na POS, mashine ya kukatia risiti, niliiandika kwa mkono wangu. Niliandika "kwa muda". Muda huo ukawa mwaka na miezi saba.

Alinijia mara mbili. Ya kwanza alisema, "Mzee, naanza kusahau." Nikamwambia avumilie, utumishi ni popote. Nilisema hivyo kwa mdomo huu huu, nikamtakia siku njema. Ya pili alileta barua ya kuacha kazi na stakabadhi ya mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi. Nikamwona hana shukrani. Hata kwenye kikao nikalisema.

Ukaja urasimishaji wa makazi, kupimia watu viwanja walivyojenga bila kupimwa. Sisi hatukuwa na mtu, kwa hiyo ikatafutwa kampuni binafsi, wananchi wakawa wanachangia kila kiwanja. Siku kampuni ilipokuja kuionyesha menejimenti ramani za mitaa miwili ya mwanzo, aliyesimama mbele na kompyuta mpakato alikuwa yeye. Projekta yetu ikagoma kama kawaida yake. Akaipiga ubavuni palepale tunapoipigaga, ikawaka. Watu wakacheka. Kisha akanigeukia, "Shikamoo, mzee." Nikaitika marahaba nikitazama viatu vyangu.

Mwekahazina akaninong'oneza, "Huyu si alikuwa wetu?"

Nilirudi ofisini nikaagiza jalada lake. Folio 47 ilikuwa nyeupe, haina hata alama ya kidole. Tangu nilipoifunga, hakuna aliyeifunua.

Ndiyo maana dokezo la kozi halipiti kwangu bila aya ya mwisho: akirudi atafanya kazi gani, kwa kifaa gani, kuanzia lini, na mkuu wa idara asaini hapohapo. Wengine wananiita msumbufu. Madokezo mawili hayakurudi kabisa, kozi zikafa. Na zife.

4. Mtu akikaimu, apewe maamuzi ya kweli, siyo kulinda funguo za ofisi.

5. Aliyetoka kozini awafundishe wenzake kabla wiki haijaisha, hata nusu saa chini ya mwembe.

6. Yaulizeni majalada, lakini waulizeni na watu. Mlinzi wetu wa usiku anajua lugha ya alama kwa sababu mwanawe ni kiziwi. Tulikuja kujua siku mwananchi asiyesikia alipozunguka ofisi tatu akirushwa kama mpira, mpaka akafika getini akiwa anaondoka, na hapo ndipo alipopata wa kumwelewa. Mlinzi akamrudisha ndani, akatafsiri, jambo likaisha kwa dakika kumi. Miaka sita tulikuwa naye. Jaladani mwake upande wa ujuzi pameandikwa "mgambo".

7. Sikumbuki. Ilihusu mafunzo elekezi, kwamba kumtembeza mgeni na kumwonyesha vyoo haitoshi.

Mpango wenu nimeuweka mezani kwenu. Nauhitaji Ijumaa saa nne, na kila jina muwe mmezungumza nalo. Yule mama wa masijala mtoeni. Nilimpigia kumtania, akaniuliza kozi ina posho ya siku ngapi.