Msaada wa Bure Ulinifaa kwa Sababu Ulinipa Kazi ya Kufanya

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama msaada unaotolewa bure kwa watu wenye huzuni na wasiwasi, ule wa kumfundisha mtu stadi za kujisaidia, una faida ya kweli au ni maneno ya kufariji tu. Jibu langu ni kwamba una faida, na ninalitoa nikiwa nimeupitia mwenyewe: mazungumzo sita kwa simu, yasiyozidi dakika 30 kila moja, pamoja na vijitabu vya mazoezi. Hata hivyo, ningependa kueleza ni kitu gani hasa kilichonifaa, kwa kuwa wengi hujiunga wakitarajia kitu kingine, na wasipokiona hukata tamaa mapema.

Nilitarajia kusikilizwa. Kwa miezi kadhaa nilikuwa ninaamka na uchovu ulio mkubwa kuliko ule niliolala nao, simu za ndugu nazitazama zikiita mpaka zinakatika, na usiku moyo unakwenda mbio bila sababu ninayoweza kuitaja. Nilidhani nitampata mtu wa kumweleza yote hayo, nilie, kisha nipate nafuu. Mwezeshaji wangu alinisikiliza kweli, tena kwa upole, lakini tangu siku ya kwanza alinieleza kwamba yeye si daktari wala mwanasaikolojia, na kwamba kazi yetu itafanyika zaidi katika siku zilizo kati ya simu moja na nyingine.

Alianza kwa dodoso la maswali tisa ambalo hutumika katika nchi nyingi. Kila swali linauliza ni mara ngapi, katika wiki mbili zilizopita, umesumbuliwa na jambo fulani: kukosa hamu, usingizi kuvurugika, kujiona umeshindwa, na mengineyo. Majibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu kabisa ni 27. Nilipata 13, ambayo ni ngazi ya kati. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, naye aliliuliza waziwazi, bila kulizungusha, akasubiri jibu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba swali hilo ndilo mlango wa mpango wenyewe: stadi hizi zimekusudiwa watu ambao hali yao ni ya wastani au chini ya hapo, na anayeonekana kuwa hatarini huelekezwa kwa wataalamu siku hiyohiyo badala ya kupewa kijitabu.

Zoezi la kwanza lilinishangaza kwa udogo wake. Niliambiwa nichague jambo moja nililoacha kulifanya, nikasema nitasafisha nyumba yote. Akaniuliza ni chumba kipi, siku gani, saa ngapi, kwa muda gani, na kila nilipojibu aliuliza tena mpaka tukaishia hapa: Jumanne, saa moja asubuhi, kukunja nguo zilizolundikana juu ya kiti, dakika 10 tu, hata kama rundo halijaisha. Kabla ya kuanza niandike kiasi cha raha ninayotarajia, kati ya 0 na 10, na nikimaliza niandike niliyoipata. Niliandika 1. Nilikunja mashati manne na shuka, saa ikalia, nikaandika 3.

Tofauti kati ya 1 na 3 si kubwa, lakini namba hizo mbili zilinifunza jambo ambalo nasaha nyingi hazikuwahi kunifunza. Mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni iliyozidi, hungojea hamu ije ndipo afanye, na hamu haiji, kwa hiyo hafanyi. Na kwa kuwa hafanyi, siku zake hubaki hazina chochote cha kumpa raha wala cha kumwonyesha kwamba anaweza, na hamu inazidi kufifia. Mwanasaikolojia wa Marekani Peter Lewinsohn aliueleza mzunguko huu katika miaka ya 1970, na tiba iliyotokana na kazi yake huanza na kitendo, si na hisia. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanyika Uingereza kwa watu 440 wenye sonona: wale waliosaidiwa kwa njia hii na wahudumu wa ngazi ya chini waliopewa mafunzo mafupi hawakuwa nyuma ya wale waliotibiwa na wataalamu waliobobea katika tiba ya mazungumzo. Ndiyo maana msaada huu unaweza kutolewa bure na bado ukawa msaada kamili, kwa sababu stadi yenyewe ni nyepesi kuifundisha, ingawa si nyepesi kuitenda.

Upande wa wasiwasi kazi ilikuwa tofauti kidogo. Jioni moja nilipokea ujumbe wa maneno matatu kutoka kwa mkuu wangu wa kazi: «Nipigie kesho asubuhi.» Usiku ule nilikwisha kufukuzwa kazi, nikadaiwa, nikaaibika mbele ya watu, yote hayo nikiwa kitandani. Kijitabu kilikuwa na ukurasa wenye safu, na saa nane ya usiku niliamka nikaujaza: tukio ni lipi, wazo gani limenijia, ninaliamini kwa kiasi gani, ni ushahidi gani unaliunga mkono, na upi unalipinga. Katika safu ya ushahidi wa kuunga mkono sikuwa na la kuandika zaidi ya «hakuweka salamu». Katika safu ya ushahidi wa kupinga niliandika kwamba huyu mtu haweki salamu kwa yeyote. Sikulala usingizi mzito, lakini nililala, na asubuhi nikapiga simu ambayo kwa desturi yangu ningeikwepa hadi mchana. Alitaka kubadilisha tarehe ya kikao.

Mbinu hiyo ya kulipima wazo kama dai linalohitaji ushahidi ilianzishwa na daktari Aaron Beck katika miaka ya 1960, lakini mimi naona lugha yetu ilikuwa imekwisha kuikaribia. Tunaposema fulani «ana mawazo», hatumaanishi kwamba anafikiri. Tunamaanisha mawazo yamemshika. Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na juu ya neno hilo daktari Dixon Chibanda alijenga mpango ulioanza Harare mwaka 2006, ambapo akina bibi waliopewa mafunzo huketi na mgonjwa kwenye benchi na kumsaidia kuchagua tatizo moja, kulitafutia njia, kwenda kuijaribu na kurudi kueleza kilichotokea. Shirika la Afya Duniani nalo lina mpango wa vikao vitano unaoweza kuendeshwa na watu wasio wataalamu wa afya ya akili. Katika yote hayo kiini ni kilekile: mtu anaondoka na kazi mkononi, na kuna anayemngoja amuulize ilikwendaje.

Huyo anayengoja ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Vijitabu vyenyewe ningeweza kuvisoma peke yangu, na programu za simu za kujisaidia zipo tele, lakini wengi wanaozianza bila msindikizaji huziacha njiani. Nilizikunja zile nguo, lazima niseme ukweli, kwa sababu Alhamisi mtu angenipigia na kuniuliza. Kwa hiyo anayetafuta msaada wa bure namshauri aulize mapema kama kuna binadamu atakayefuatilia, kama mtu huyo amefunzwa, na kama yuko mtaalamu anayemsimamia. Mazoezi ya kupumua polepole na ratiba ya usingizi pia nilifundishwa, na yalinisaidia kwa kiasi, ila hayo sitayaeleza kwa urefu.

Wapo watakaosema kwamba stadi hizi zinamtupia mgonjwa mzigo wa matatizo ambayo hakuyasababisha. Hoja hii naiheshimu. Mtu anayepigwa nyumbani hahitaji kwanza kufundishwa kupumua, anahitaji usalama. Asiye na kipato hatakipata kwa kupima ushahidi wa mawazo yake. Mpango mzuri hulitambua hilo, hutenganisha matatizo yanayoweza kutatuliwa na yale yaliyo nje ya uwezo wa mtu, na humwelekeza mahali pengine inapobidi. Ule usiotambua hilo unaweza kumwongezea mtu hatia juu ya huzuni. Vilevile aliyefikia kutamani kufa asingoje simu ya Alhamisi: amwambie mtu aliye karibu naye sasa hivi, na apelekwe hospitali.

Katika simu ya sita tulijaza ukurasa wa mwisho wa kijitabu, ambapo nilitakiwa kuandika dalili tatu zitakazonionya kwamba hali inarudi. Niliandika: simu ninaziacha ziite, nguo zinarundikana kwenye kiti, ninakula nikiwa nimesimama. Mwezi uliopita nilijikuta nakula nimesimama siku ya tatu mfululizo. Nilikifungua kijitabu, nikaandika siku, saa, na dakika 10, kisha nikampigia dada yangu nikamwomba anipigie Alhamisi aniulize kama nimefanya.

Ni mimi msomaji wenu.