Ukitaka kulielewa neno "get", tazama kinachofuata

Juma lililopita kijana mmoja niliyemfundisha Kiingereza hapa Bagamoyo alinipigia simu kunieleza kuwa amefaulu usaili wa kuongoza watalii, nami baada ya kumpongeza nilimuuliza ni wapi alipobanwa zaidi. Alisema ni kwenye magofu ya Kaole, mbele ya makaburi yenye minara, pale msaili aliyejifanya mgeni alipomuuliza maswali mawili mfululizo: "How did you get here?" na "Where did they get the porcelain?" La kwanza lilitaka kujua amefikaje pale; la pili lilihusu mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa makaburini, kwamba wazee wale waliyapata wapi. Aliyajibu yote bila kusita, na furaha niliyoipata ilikuwa kubwa kuliko yake.

Nina sababu. Miaka ya nyuma nilifundisha katika kituo kimoja cha masomo ya jioni, ambako mkuu wetu alitaka wanafunzi wakariri orodha ya maana za "get": pata, fika, elewa, leta, kamata, na nyingine za kujaza ukurasa mzima. Jioni moja niliifuta orodha hiyo ubaoni, nikaandika sentensi tano na kuwataka wanafunzi wapigie mstari neno linalofuata "get" katika kila sentensi. Mkuu aliingia, akasoma, kisha akaniambia mbele ya darasa kwamba ninapoteza ada za watu. Muhula uliofuata sikupangiwa kipindi. Maneno yale yananiuma hadi leo, kwa kuwa yalisemwa mbele ya watu ambao ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kuelewa.

Zile sentensi tano ndizo ninazofundishia hadi sasa. "Get" ikifuatwa na kitu, kama "get a job", ni kupata. Ikifuatwa na mahali, ni kufika: "get to Bagamoyo", ila husemwa "get home" na "get here" bila "to". Ikifuatwa na mtu pamoja na kitendo, kama "get him to come", ni kumshawishi au kumfanya aje.

Mbili zilizobaki ndizo zinazowatesa Waswahili wengi, nazo ni zile ambazo "get" hufuatwa na sifa au na kitendo kilichokwisha kutendeka. "Get angry" ni kukasirika, "get wet" ni kulowa, "get well" ni kupona, "get paid" ni kulipwa, "get broken" ni kuvunjika. Mwanafunzi huitafuta "pata" humo asiione, kwa sababu kazi ambayo Mwingereza anaifanya kwa "get" sisi tumekwisha kuimaliza ndani ya kitenzi chenyewe, mara nyingi kwa viambishi vyetu vya mwisho kama -wa na -ika. Tahadhari na "get married" tu, maana Kiingereza hakitenganishi kuoa na kuolewa, nawe unayetafsiri ni lazima umjue anayezungumzwa.

Basi ndugu yangu unayetaka kazi ya utalii, acha orodha. Tazama kinachofuata "get", tena na tena, katika kila sentensi unayoisikia, hata kama mwalimu wako anakuhimiza ukariri, kwani hakuna mgeni atakayekusubiri upitishe macho kichwani kwenye maana ishirini. Ukipata wageni kutoka Marekani utawasikia wakisema "gotten": kwao "I've got it" kwa kawaida ni ninacho, na "I've gotten it" ni nimekipata, ilhali Mwingereza wa leo hutumia "got" kwa yote mawili. Na kwa kuwa "get" ni neno la mazungumzo zaidi, katika barua ya kuomba kazi andika "I received my certificate", kisha hiyo "got" uiweke kwa ajili ya siku utakayosimama na wageni Kaole.