Maswali ya Wasomaji: Kadi ya Kamera Haionekani Kwenye Linux

SWALI: Asalaam aleikum, Mhariri. Mimi ni mpiga picha za harusi hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Nimenunua kompyuta mpakato ya mtumba, nayo ilikuwa ikisoma kadi za kamera vizuri ilipokuwa na Windows. Tangu niwekewe Linux, nikichomeka kadi yangu ya GB 64 hakitokei kitu, ilhali kwenye simu inafunguka na picha zote zimo. Fundi amenishauri ninunue kisoma kadi cha nje. Je, cha ndani kimekufa?
Msomaji, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Ni vigumu kuamini kwamba kimekufa, kwa kuwa kilikuwa kikifanya kazi kabla ya kubadilishwa mfumo, na simu imekwisha kuthibitisha kuwa kadi ni nzima. Inasikitisha ushauri wa kununua unapotangulia uchunguzi. Kwanza nakili picha hizo kupitia simu, na popote utakapoulizwa kama kadi ifomatiwe, kataa, maana harusi ya watu haipigwi picha mara ya pili.

Kisha fungua dirisha la amri, andika sudo dmesg -w, na uchomeke kadi huku ukitazama, kwa sababu kaneli, yaani kiini cha mfumo, huandika papo hapo kila inachokiona. Ukitokea mstari wa mmc0 (jina ambalo kaneli hulipa tundu la kadi) unaotaja kadi mpya, na chini yake jina mmcblk0 pamoja na ukubwa wa kadi, basi kisoma kadi ni kizima na tatizo liko katika mpangilio wa kadi yenyewe, yaani namna mafaili yanavyopangwa humo. Kadi zinazozidi GB 32 kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa exFAT, ambao Microsoft iliuweka hadharani mwaka 2019. Kaneli ya Linux ilianza kuupokea katika toleo la 5.4, na draiva (programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa au mpangilio fulani) iliyo bora zaidi, iliyotoka Samsung, ikaingia katika toleo la 5.7 mwaka 2020. Andika uname -r uone toleo lako. Likiwa la zamani, sasisha mfumo, au weka kifurushi cha programu cha exfat-fuse.

Mstari wa mmc0 ukitaja kosa namba -110, maana yake kadi imeitwa na haikuitika kwa wakati. Zima kompyuta, pangusa vile vibati vya rangi ya dhahabu mgongoni mwa kadi kwa kitambaa laini kikavu, kisha uichomeke tena, kwani hewa ya chumvi ya pwani yetu hushika hata pini zilizo ndani ya tundu.

Lakini usipoandikwa mstari wowote, hapo ndipo penye kazi. Andika lspci -k, halafu lsusb, amri zinazoorodhesha vifaa vya kompyuta, utafute jina la kisoma kadi. Katika kompyuta nyingi ni Realtek, kwa mfano RTS5229. Jina likiwepo bila draiva ya rtsx_pci kutajwa chini yake, andika sudo modprobe rtsx_pci_sdmmc. Usihangaike kupakua draiva kutoka intaneti wala kufuata maelekezo ya zamani ya kuijenga mwenyewe, kwa sababu imo ndani ya kaneli tangu toleo la 3.8 la mwaka 2013. Vipo pia visoma kadi vinavyojificha kompyuta inapowashwa tundu likiwa tupu. Kwa hiyo iwashe kadi ikiwa ndani. Ikionekana kwa njia hiyo, siku nyingine hutahitaji kuizima kompyuta: chomeka kadi, kisha andika echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/rescan, na mfumo utavikagua upya vifaa vyake.

Jina lisipokuwepo katika orodha zote mbili, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, yaani programu inayoamka kabla ya mfumo kompyuta inapowashwa, uangalie kama kisoma kadi kimezimwa na mwenye kompyuta wa awali. Kikiwa kimewashwa humo na bado hakionekani, basi ushauri wa fundi utakuwa na msingi, na kisoma kadi cha kawaida cha USB kitafanya kazi kwenye Linux bila kuwekewa programu yoyote.