Jibu: Usimwachishe mpira kwa ajili ya mtihani

Dada wa Uyole, umeuliza kama umwachishe kijana wako wa kidato cha tatu mpira ili afaulu. Nakuomba usimwachishe. Akikimbia, moyo husukuma damu zaidi hadi kwenye ubongo, na mazoezi ya mara kwa mara husaidia umakini na kumbukumbu. Shirika la Afya Duniani linashauri vijana hadi miaka 17 wapate angalau wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku.

Wangu alikuwa anasinzia juu ya daftari la hesabu, kalamu mkononi. Siku hizi anapanda hadi nyumbani Isanga, Mbeya, kwa miguu, hapandi bajaji. Anafika jasho linamtiririka hata kwenye baridi ya Juni, anaoga, anakula, ndipo anasoma, macho makavu. Ila usingizi usiguswe. Akikesha mpaka saa saba usiku, mtavuna mabua.