Karatasi ya Mahudhurio Si Ridhaa

Kampuni kubwa ya kimataifa inapoitaka ardhi au bahari ya watu, huhitaji mapema sana ushahidi kwamba wenyeji waliulizwa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mkalimani katika mikutano ya namna hiyo hapa Lamu, kuanzia Mokowe hadi Faza, na ushauri wangu kwa wazee na vijana wanaoalikwa ni kwamba wasitie sahihi kabla ya kusoma kilichoandikwa juu ya ile karatasi inayopitishwa.

Wengi hudhani kuwa uovu wa kampuni hizi ni hongo zinazotolewa usiku, lakini niliyoyashuhudia mimi hufanyika mchana na kwa adabu nyingi. Karatasi isiyo na kichwa, yenye nafasi ya jina, nambari ya kitambulisho na sahihi, hupitishwa safu kwa safu pamoja na soda na posho, na mvuvi aliyekuja kusikiliza tu huweza kukuta baadaye kwamba jina lake limeambatishwa kwenye ripoti ya athari za mradi miongoni mwa walioukubali. Katika mkutano mmoja nilikabidhiwa ripoti nene asubuhi ya siku yenyewe, nikatakiwa niifasiri kwa muhtasari. Mzee mmoja alipouliza maji machafu yatamwagwa wapi, alijibiwa kwamba swali lake limeandikwa. Limeandikwa wapi, hakuambiwa.

Sisemi posho ikataliwe, maana aliyeacha kwenda baharini amepoteza riziki ya siku hiyo. Ila posho iwe na daftari lake, na mahudhurio yawe na lake. Kando ya jina lako andika, "Nimehudhuria, sijatoa ridhaa," kisha uipige picha karatasi hiyo kwa simu. Wakalimani wenzangu nao wadai ripoti siku kadhaa kabla ya mkutano, na wakinyimwa waseme hivyo mbele ya watu.

Jambo hili si dogo kisheria. Mnamo Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya kampuni ya Amu Power iliyokusudia kujenga Kwasasi, hapa Lamu, mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, katika kesi iliyofunguliwa na Save Lamu, muungano wa vikundi vya wenyeji, pamoja na wakazi. Mikutano ilikuwa imefanyika, tena zaidi ya mmoja. Lakini jopo liliona kwamba ilitangulia utafiti wa athari za mazingira, na kwamba wananchi hawakupewa nafasi ya kutosha kuujadili utafiti wenyewe ulipokuwa tayari.

Uliza pia ni kampuni ipi hasa inayozungumza nawe. Aliyevaa fulana yenye nembo kubwa mara nyingi ameajiriwa na mkandarasi wa mkandarasi, na ahadi yake ya ajira au fidia haimfungi yeyote aliye juu yake. Wanakijiji wa Chingola, Zambia, waliolalamikia maji yaliyochafuliwa na mgodi wa shaba, walibishana na kampuni mama, Vedanta, hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, ambayo mwaka 2019 iliamua kwamba kesi yao ingeweza kusikilizwa huko. Ilikuwa miaka ya mabishano juu ya mahali pa kushtaki tu, kabla kesi yenyewe haijasikilizwa. Kwa hiyo jina kamili la kampuni na la anayeiwakilisha yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Ikiwa ripoti imekwisha kupelekwa kwa mamlaka ya mazingira, iombeni pamoja na viambatisho vyake, kwa sababu majina yenu yamo humo. Sheria ya Kenya ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaruhusu ombi hilo kuandikwa kwa Kiswahili, inamtaka afisa amsaidie asiyejua kuandika, na inampa siku 21 za kutoa uamuzi.