Baba anasoma Fatiha bila kukosea, lakini hawezi kuomba maji

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68. Miezi minne iliyopita alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea. Mguu umeanza kurudi, usemi bado. Akitaka kitu anasema "ile... ile..." mpaka anakasirika. Kinachonishangaza, kwenye swala anasoma Al-Fatiha mwanzo hadi mwisho, na akiudhika matusi yanatoka safi kabisa. Siku hizi Kisambaa kinamtoka maneno mawili matatu, ila Kiswahili, alichokitumia kazini miaka yote, hakitoki. Baba mdogo anasema mzee ama anajifanya ama akili imeruka, kwa hiyo suala la shamba limalizwe bila yeye. Jirani katushauri tumsemeshe Kiswahili tu, ati lugha mbili zitamchanganya. Je, kumbukumbu zake zimefutika? Tufanyeje?
Binti yake, Lushoto

JIBU: Marahaba, binti yangu. Pole kwa kuuguza, na mzee mpe pole zangu.

Nianze na baba yako mdogo. Mzee hajifanyi. Hakuna anayejifanya kushindwa kuomba maji huku koo limemkauka. Sijamwona kwa macho yangu, lakini unayoyaeleza yanafanana sana na afasia, yaani kuharibika kwa lugha baada ya ubongo kuumia. Nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayoendesha upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi, karibu 95 kati ya kila 100 wanaotumia mkono wa kulia, nusu hiyohiyo ndiyo inayobeba kazi kubwa ya lugha. Mshipa mmoja wa damu ukiziba huko, mkono na usemi huondoka pamoja.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari Paul Broca alipokea mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini karibu kila alichoulizwa alijibu "tan, tan". Alielewa mengi aliyoambiwa. Na akikasirishwa, laana ya Kifaransa ilimtoka nzima nzima, kama matusi ya baba yako. Alipofariki, Broca aliukuta ubongo wake umeharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto. Miaka iliyofuata, daktari John Hughlings Jackson wa London alitenganisha aina mbili za usemi: ule unaotungwa papo hapo ili kusema jambo jipya, na ule unaotoka wenyewe kwa mazoea, kama salamu, viapo, kuhesabu na sala.

Hapo ndipo ilipo Fatiha ya mzee. Ameisoma kila siku tangu utotoni, maneno yameshikana kama punje za tasbihi: ukivuta ya kwanza, zilizobaki zinafuata. Kazi hiyo hutegemea zaidi njia za mazoea zilizo ndani ya ubongo, pamoja na nusu ya kulia. Ipo hata kesi ya kinyume chake, iliyoandikwa mwaka 1993: mzee aliyezungumza Kifaransa na Kiebrania aliumia ndani ya ubongo upande wa kulia, akawa anaongea vizuri lakini akashindwa sala, nyimbo na hata matusi aliyoyazoea. "Niletee maji" ni jambo jingine. Humo lazima achague neno, alipange, aambatishe viambishi vyake, kisha aelekeze ulimi, yote kwa mara moja. Fupi kwetu, kwake ni mlima.

Kuhusu kumbukumbu, kwa haya uliyoniandikia sioni dalili kwamba zimefutika. Anakujua, anajua kiu yake, anajua wakati wa swala. Ubongo unaweza kupoteza kimoja ukabaki na kingine. Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa mwaka 1953 kutibu kifafa, aliondolewa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili. Aliendelea kuongea vizuri na kujaza maneno fumbo, lakini mtu aliyetambulishwa kwake asubuhi alikuwa mgeni tena mchana. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimfundisha kuchora nyota huku akiangalia mkono wake kwenye kioo. Kila siku akawa hodari zaidi, na kila siku aliamini hajawahi kuchora hata mara moja. Yeye alikuwa na usemi bila kumbukumbu mpya. Baba yako, inavyoonekana, ni kinyume chake.

Sasa pima mwenyewe anaelewa kiasi gani, maana ndugu hukosea pande zote mbili. Mkimwambia "njoo ule" huku mmeshika sahani, ameelewa sahani. Weka mezani kikombe, funguo na kijiko, usiangalie chochote, kisha sema "nionyeshe funguo". Akiweza, panda ngazi: "Simba ameuawa na chui. Nani amekufa?" Mchoree wanyama hao ili aonyeshe kwa kidole. Wengi wenye afasia ya aina hii huelewa mazungumzo ya kawaida ila hapa huonyesha chui, kwa sababu jina linalotajwa kwanza hulichukua kuwa ndilo lililotenda. Na angalia sana "ndiyo" na "hapana". Hutokea mgonjwa akatamka moja akikusudia nyingine. Kabla ya kuamini jibu lake, muulize mambo mnayoyajua wote: jina lake, kama mko Lushoto, kama mko Mombasa. Maneno yakimsaliti, atumie dole gumba juu na chini.

Kuhusu lugha, ushauri wa jirani uacheni. Mwaka 1881 mwanasaikolojia Mfaransa Théodule Ribot aliandika kwamba kumbukumbu za zamani ndizo hudumu, na wengi wakatarajia lugha ya mama irudi kwanza. Mwaka 1895 daktari Mfaransa Albert Pitres akajibu kwamba hurudi ile iliyotumika zaidi kabla ya ugonjwa. Ukweli umewashinda wote wawili: kwa wagonjwa wengi lugha hurudi sambamba, na kwa wachache moja hutangulia, wakati mwingine ile ambayo hakuna aliyeitarajia. Kwa hiyo Kisambaa chake ni mlango uliofunguka, msimfungie. Msemesheni lugha anayoiitikia, na akichanganya, mwacheni achanganye. Mazoezi ya lugha moja huweza kuinua na nyingine, hasa zikiwa na ujamaa kama hizi mbili.

Mtafutie mtaalamu wa tiba ya usemi. Ni wachache nchini na wengi wako hospitali kubwa, kwa hiyo omba rufaa mapema. Wakati mnasubiri, sema sentensi fupi, zima redio, mpe muda wa kujibu. Ukimuuliza ana watoto wangapi akaanza "moja, mbili, tatu..." akasimama kwenye idadi sahihi, amejibu, usimkatize. Huko Boston, Marekani, tangu mwaka 1973, kuna tiba ya kuimba maneno ya kila siku kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, huku mgonjwa akigonga taratibu kwa mkono wa kushoto. Jaribuni na "ni-pe ma-ji", mara nyingi, kila siku. Kasi kubwa ya kupona huwa miezi mitatu ya mwanzo, lakini watu huendelea kupata maneno hata baada ya mwaka. Dawa za presha zisikatike. Akipaliwa mara kwa mara anapokunywa, daktari aambiwe. Akizidiwa ghafla, hospitali papo hapo. Na akianza kujitenga, kulia au kukataa chakula, msiseme ni uzee. Takribani theluthi moja ya waliopata kiharusi hupata sonona, nayo inatibika.

La shamba: kutoweza kusema si kutoweza kuamua, na mtu asimbonyeze mzee dole gumba kwenye wino kabla hajapimwa. Mwombeni daktari au mwanasaikolojia ampime uelewa wake na aandike. Kisha akalishwe kikaoni, achorewe shamba na mipaka yake, majina au picha za watoto ziwekwe mbele yake, na kila swali aulizwe mara mbili, mara ya pili likiwa limegeuzwa: "Shamba liuzwe?", halafu "Shamba libaki?" Majibu yakipatana, huo ndio uamuzi wake, na baba mdogo aukubali. Kifanyeni asubuhi. Jioni, akishachoka, hata dole gumba linaweza kwenda asikokusudia.